Kujenga Kituo cha Watoto cha Kijamii kwa Udongo wa Mwanza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yametokana na mikutano ya vijiji na mitaa, vikao vya kamati za ujenzi, na mazungumzo na mafundi waashi wa Misungwi, Magu, Sengerema, Ilemela na Ukerewe. Yanahusu majengo madogo ya watoto: vituo vya kulelea watoto mchana, madarasa ya awali na shule shikizi. Anayeanza kufikiria jambo hili asome kwa mfuatano. Ambaye udongo umeshamwagwa uwanjani aende moja kwa moja kwenye swali la 6.

## Mambo ya kwanza

1. Je, kuwajengea watoto wetu nyumba ya udongo si kuwarudisha kwenye umaskini?

Hili ndilo swali linalotangulia mengine yote, na kwa kawaida huulizwa na mtu aliyekaa nyuma kabisa mkutanoni. Anayeuliza ana haki ya kuuliza, kwa kuwa wengi wetu tumelala katika nyumba za mbavu za mbwa, tukaona tope likidondoka usiku wa mvua na miti ikichungulia kama mifupa. Hata hivyo, ukichunguza nyumba hizo utaona kwamba kosa halikuwa la udongo. Miti ilichimbiwa ardhini moja kwa moja ikaliwa na mchwa, ukuta ulianzia kwenye ardhi bila msingi, upenu ulikuwa mfupi, na hakuna aliyesiriba tena baada ya mwaka wa pili.

Udongo huohuo, ukipewa msingi wa mawe na paa pana, hutoa jengo la kuheshimika. Mbunifu Francis Kéré wa Burkina Faso alijenga shule ya msingi katika kijiji alikozaliwa cha Gando kwa matofali ya udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na saruji kidogo, ikakamilika mwaka 2001, ikapata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo mwaka 2004, na mwaka 2022 yeye mwenyewe akapewa Tuzo ya Pritzker. Pamoja na hayo, sishauri kamati iwahubirie wazazi kuhusu tuzo. Jengeni kipande cha ukuta chenye urefu wa mita moja na kimo cha mita moja mahali pa wazi, kipigwe na mvua ya msimu mmoja, kisha kila mtu akiguse kwa mkono wake.

2. Mbona tusitumie tofali za kuchoma kama kila mtu?

Tofali la kuchoma ni tofali zuri, ila tanuru lake linakula kuni, na Usukumani kuni zimekwisha kuwa bidhaa ya kununua. Tanuru la kienyeji pia halichomi sawasawa: matofali ya katikati huiva, ya pembeni hubaki mabichi ndani, na fundi asiye mwangalifu huyachanganya yote ukutani. Penye mashine za kukoboa mpunga, mafundi huchoma kwa pumba badala ya kuni, na hapo hoja ya miti inapungua sana. Kama kijiji chenu kina pumba za kutosha na fundi anayejua kuzichomea, sina ugomvi na uamuzi huo.

3. Kuna njia ngapi za kujenga kwa udongo, na ipi inafaa jengo la watoto?

Kwa mazingira yetu kuna njia nne za kuzungumzia. Ya kwanza ni miti na udongo wa kukandika, ambayo ni nafuu na hustahimili mtikisiko, lakini hudai ukarabati wa kila mwaka. Ya pili ni tofali mbichi la kufinyangwa kwa kalibu na kukaushwa, ambalo linataka ukuta mnene wa sentimita 30 hadi 40. Ya tatu ni udongo wa kushindilia ndani ya mbao, kazi nzuri sana ikifanywa na mafundi waliokwisha kuizoea, ambao huku ni wachache.

Ya nne ni tofali la kufungamana linalofyatuliwa kwa mashine ya mkono kutokana na udongo na saruji kidogo. Mashine hizi ni kizazi cha ile iliyobuniwa nchini Colombia mwaka 1956 na mhandisi Raúl Ramírez, na hapa Tanzania tofali la namna hii limetangazwa kwa miaka mingi na Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi. Tofali lake lina urefu wa milimita 300, upana 150 na kimo 100, nalo huingia katika mwenzake kwa meno, kwa hiyo udongo wa kuunganishia karibu hautumiki. Kwa jengo la watoto linalosimamiwa na kamati, mimi huchagua njia hii kwa kuta zinazobeba paa, na tofali mbichi au miti ya kukandika kwa kuta fupi za ndani na za uwanja wa michezo. Wapo wanaoona saruji yoyote ni usaliti wa udongo. Hawajawahi kuzunguka kijijini kutafuta mtu wa kusiriba ukuta mwezi Aprili.

4. Litadumu miaka mingapi?

Litadumu kadiri maji yatakavyozuiwa kuufikia ukuta. Mkoa wa Mwanza hupata takriban milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, nyingi zikishuka katika misimu miwili kwa ngurumo na upepo. Ukuta wa udongo usioloweshwa hauna sababu ya kufa. Ukuta unaolowa sentimita 20 za chini kila siku hautamaliza miaka mitano, hata ukipakwa rangi nzuri namna gani. Maswali ya 11 na 28 yanaeleza namna ya kuuweka katika kundi la kwanza.

## Udongo wenyewe

5. Udongo upi wa huku kwetu unafaa?

Wazee wa Kisukuma walikwisha kuupanga udongo kwa majina kabla ya maabara yoyote, na majina hayo bado ni mwongozo mzuri. Ukishuka kutoka kilimani penye mawe ya itale, utakutana kwanza na udongo wa changarawe na mchanga mzito, kisha *luseni* ya mchanga mwepesi, kisha *itogolo* na *ibambasi* zenye tabaka gumu, na bondeni kabisa *mbuga*, ule mweusi unaopasuka kiangazi na kunasa magurudumu masika. *Kikungu*, udongo mwekundu usiotuamisha maji, hupatikana sehemu za juu.

Kikungu ndicho cha kutafuta kwanza. Luseni peke yake haishikani, lakini ni dawa ya udongo wenye mfinyanzi mwingi. Mbuga isitumike kwa tofali wala isijengewe juu yake (tazama swali la 22), kwa kuwa huvimba ikilowa na kunywea ikikauka. Ibambasi huwadanganya wengi, kwani ikikauka ni ngumu kama saruji, lakini ikipata maji huyeyuka upesi.

Kinachotakiwa kwa tofali la kufungamana ni udongo ambao sehemu kubwa, kama theluthi mbili, ni mchanga na changarawe ndogo, huku mfinyanzi ukiwa kati ya asilimia 10 na 25. Chimbeni chini ya tabaka la juu lenye mizizi na mboji. Udongo unaonuka shamba ni wa shamba.

6. Tunaupimaje bila maabara?

Kwa vipimo vitatu vinavyofanyika siku moja na kusomwa baada ya siku kadhaa. Msiviruke hata kimoja.

Kwanza, chupa. Chukueni chupa angavu ya lita moja, jazeni udongo hadi theluthi moja, ongezeni maji karibu kujaza na chumvi kidogo, tikiseni kwa nguvu, kisha mwiache mahali pasipoguswa. Mchanga hukaa chini ndani ya dakika moja hivi, vumbi laini hufuata, na mfinyanzi huchukua siku nzima au zaidi. Pigeni mistari kwa kalamu kwenye kila tabaka na kupima kwa rula.

Pili, kamba. Lowesheni udongo uliochekechwa, ufinyangeni uwe kama kamba nene ya kidole gumba, muisukume taratibu ining'inie ukingoni mwa meza. Ikikatika kabla ya sentimita 5, mchanga umezidi. Ikining'inia kupita sentimita 15 bila kukatika, mfinyanzi umezidi.

Tatu, sanduku la kunywea. Fundi seremala atengeneze kisanduku kisicho na mfuniko, chenye urefu wa sentimita 60, upana 4 na kina 4. Kipakeni mafuta ndani, shindilieni udongo uliolowa, kiwekeni kivulini kwa wiki moja. Udongo utanywea na kuacha pengo. Usukumeni wote upande mmoja na kupima pengo hilo. Likiwa chini ya sentimita 1.5, mko pazuri. Likikaribia sentimita 3, ongezeni mchanga na kupima tena. Likizidi 4, tafuteni shimo jingine.

Naeleza kwa urefu kwa sababu niliwahi kuharakisha. Katika jengo moja la Misungwi tulipima udongo wa juu ya shimo, tukafurahi, tukafyatua matofali 600, bila kuona kwamba kuanzia mita moja kwenda chini rangi ilikuwa imebadilika kutoka wekundu wa kutu hadi kijivu. Matofali ya wiki ya pili yalipasuka yakiwa bado kivulini, nyufa nyembamba kama nywele zikipita katikati ya kila moja. Tangu siku hiyo napima kila rangi ya udongo inapobadilika, hata mafundi wakininung'unikia.

7. Udongo wa kichuguu unafaa?

Unafaa sana kwa kusiriba sakafu na kuta na kwa tofali mbichi, kwa kuwa mchwa wenyewe wameshauchambua. Kwa tofali la saruji mara nyingi mfinyanzi wake huzidi, hivyo uchanganyeni na luseni na kuurudisha kwenye vipimo vya swali la 6.

8. Tuweke saruji kiasi gani?

Kwa udongo uliofaulu vipimo, sehemu 1 ya saruji kwa sehemu 16 za udongo kwa ujazo ni mwanzo mzuri. Udongo bora unaweza kwenda hadi 18, na ule wenye mashaka urudi 14. Anayehitaji zaidi ya hapo ana udongo mbaya, na saruji haitautubisha. Tumieni ndoo ileile kwa kupimia vyote viwili. Koleo si kipimo, kwani koleo la asubuhi si koleo la saa nane mchana.

Maji nayo yapimwe kwa ngumi: binya mchanganyiko mkononi uwe donge, uliangushe kutoka kimo cha kifua kwenye ardhi ngumu. Likitawanyika kama unga, ongeza maji. Likibonyea bila kupasuka, maji yamezidi. Likivunjika vipande vinne au vitano, anza kufyatua. Mchanganyiko utumike ndani ya saa moja. Matofali yapangwe kivulini, yafunikwe kwa nailoni au magunia na kumwagiliwa kwa siku 7 mfululizo, kisha yaachwe hadi yafikishe siku 28. Fundi atakayesema siku tatu zinatosha mwulizeni kama atakuwepo mwaka wa tatu.

9. Shimo la kuchimbia udongo tulifanye nini?

Liamueni kabla ya jembe la kwanza, kwa sababu shimo la mita mbili likijaa mvua mbele ya kituo cha watoto ni kisima kisicho na kifuniko na kiwanda cha mbu. Lichimbwe mbali na uwanja wa watoto, lizungushiwe miiba au uzio tangu siku ya kwanza, na lifukiwe kwa kifusi cha msingi kazi ikiisha. Kamati nyingine hulichimba mahali patakapokuwa choo, wakatumia shimo moja kwa kazi mbili. Mpango huo ni mzuri pale ambapo maji ya ardhini yako mbali.

10. Tunaweza kuchanganya udongo kwa maji ya ziwani?

Maji ya Ziwa Victoria hayana chumvi ya kudhuru tofali. Tatizo ni miguu ya wanaokanyaga tope. Maji yanayochotwa kando ya ziwa penye majani na konokono huwa na vijidudu vya kichocho vinavyopenya kwenye ngozi. Vikikaa nje ya konokono bila kumpata mtu hufa ndani ya siku mbili, kwa hiyo maji ya kukanyagia yakae kwenye pipa kwa saa 48 kwanza. Nalo pipa lifunikwe.

## Ubunifu

11. Tuanze kuchora kutoka wapi?

Anzeni na paa, mshuke kwenye msingi, na ukuta uje mwisho. Kamati nyingi hufanya kinyume: huchora vyumba, wakafurahia vyumba, kisha fedha zikiisha wanakata upenu. Kwa jengo la udongo upenu ni sehemu ya ukuta. Utokeze sentimita 80 hadi mita moja kila upande, na paa linaloteremka pande zote nne ni bora kuliko lenye kuta za pembetatu, kwa sababu upepo wa mvua ya ziwani hauna adabu ya kuja upande mmoja. Upande unaopigwa zaidi uwe na baraza la mita 2; mvua itaishia barazani, na watoto watapata mahali pa kuchezea siku za matope.

Chini, Mwanza imebarikiwa mawe. Jengeni msingi wa mawe ya itale na uinuliwe angalau sentimita 40 juu ya ardhi, halafu juu yake mtandike nailoni nzito ya kuzuia unyevu kabla ya tofali la kwanza. Maji ya paa yaingie kwenye gata na tangi, na ardhi inayozunguka jengo iteremke kuelekea nje.

12. Chumba kiwe na ukubwa gani?

Mimi huanzia mita za mraba 2 kwa kila mtoto. Chumba cha mita 6 kwa 8 huchukua watoto 24 bila kubanana, na mbao za kenchi za upana wa mita 6 mafundi wetu wanazimudu. Wakiwa 40, jengeni vyumba viwili.

13. Ni vipimo gani vinavyotofautisha jengo la watoto na ofisi ya kijiji?

Pigeni magoti katikati ya chumba na kuangalia. Mtoto wa miaka minne akiwa amekaa mkekani anaona nini? Kizingiti cha chini cha dirisha kikiwa mita 1.2, kama kwenye ramani nyingi, anaona ukuta. Kiteremsheni kiwe sentimita 50 hadi 60 katika dirisha moja au mawili yanayotazama uwanja salama, na kizingiti hicho kiwe kipana cha kukalia. Bomba la kunawia liwe sentimita 50 kutoka chini, ngazi zisizidi sentimita 15 kwa kimo, na tundu la choo cha watoto lisizidi sentimita 18 kwa upana, kwa sababu hofu ya kutumbukia ndiyo inayowafanya wajisaidie nyuma ya jengo. Pembe zote za kuta hadi kimo cha mita moja zifanywe za mviringo. Tofali la udongo hukwanguka kwa urahisi na kazi hiyo ni ya dakika chache.

14. Madirisha makubwa hayatadhoofisha ukuta?

Yatadhoofisha yakipangwa bila hesabu. Jumla ya upana wa milango na madirisha katika ukuta mmoja isizidi theluthi ya urefu wake, na lisiwepo tundu lolote ndani ya sentimita 80 kutoka kwenye kona. Ukuta wa tofali la kufungamana ni sentimita 15 tu, kwa hiyo uwekewe nguzo au mgongo wa matofali kila baada ya mita 3, na juu ufungwe kwa ringi bimu yenye nondo inayozunguka jengo zima. Fedha zikipungua, kata mahali pengine popote isipokuwa hapo. Nyavu za mbu ziwekwe kwenye fremu zinazofunguka, la sivyo zitachanika na hakuna atakayezishona.

15. Mvua ikipiga bati mwalimu hasikiki. Na joto je?

Dawa ya yote mawili ni dari yenye nafasi ya hewa juu yake. Mikeka ya mafunjo au matete ya ziwani, ikifungwa chini ya kenchi, hupunguza kelele na kuzuia joto la bati lisiwashukie watoto, mradi matundu ya hewa yaachwe chini ya upenu na kufungwa kwa wavu ili popo wasihamie. Mikeka hiyo hushika moto, kwa hiyo jiko lijengwe mbali kama nyumba ya peke yake.

Mwanza iko karibu sana na ikweta, takriban nyuzi 2.5 kusini, hivyo jua la kuudhi ni la asubuhi na la alasiri. Kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini. Zile fupi za mashariki na magharibi zibaki na madirisha madogo au zikose kabisa.

16. Linaweza kuwa la duara kama msonge?

Linaweza, na ukuta wa duara hauna kona za kupasuka. Anayetaka kuona umbo la jadi likifanya kazi ya leo atembelee Bujora, Kisesa, ambako kanisa na makumbusho ya Wasukuma vimejengwa kwa kufuata umbo hilo. Ugumu uko kwenye bati, ambalo hukatwa vipande vingi na kupotea. Wengi huishia kujenga banda la hadithi la duara uwanjani kwa tofali mbichi na nyasi, na jengo kuu likabaki la pembe nne.

## Kazi yenyewe

17. Tutahitaji matofali mangapi?

Kwa chumba cha mita 6 kwa 8 chenye kuta za mita 2.6, mzunguko ni mita 28, sawa na mita za mraba 73 hivi. Toeni mita za mraba 14 za milango na madirisha, zibaki 59. Kila mita ya mraba inakula matofali 33, jumla yakaribie 1,960. Ongezeni ya kuvunjika, ifike 2,100. Mfuko wa kilo 50 hutoa matofali 80 hadi 90 kwa uwiano wa 1 kwa 16, kwa hiyo mtahitaji mifuko 25 kwa matofali tu, na tani 17 hivi za udongo uliochekechwa. Matofali ya nguzo, pamoja na saruji ya msingi, ringi bimu na sakafu, yahesabiwe kando.

18. Tuanze mwezi gani?

Fyatueni Juni na Julai, jengeni Agosti, na bati liwe juu kabla ya Oktoba kuisha. Juni ina faida nyingine: mavuno yamekwisha na watu wapo.

19. Wananchi wafanye nini na fundi afanye nini?

Msaragambo unafaa kwa kuchimba, kuchekecha, kusomba mawe na maji, kumwagilia matofali na kusiriba. Haufai kwa kupima saruji, kupanga safu ya kwanza, kufunga nondo na kuezeka. Safu ya kwanza ikipinda milimita 5, tofali la kufungamana halitakusamehe hadi juu. Kazi za pamoja zipangiwe siku maalumu na chakula kipikwe. Vijana huja kwa hiari pale ambapo kuna ngoma na ugali kuliko pale ambapo kuna orodha ya faini. Watoto nao wapewe kazi ya kweli: kusiriba banda la hadithi kwa mikono yao, kwa udongo uliopitia swali la 10.

20. Vibali vipi vinahitajika?

Mjini, kibali cha ujenzi hutolewa na halmashauri ya jiji au manispaa. Kijijini, ardhi ipitishwe na halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu, na muhtasari uandikwe hata kama aliyeitoa ni mzee anayeaminika, kwa kuwa wajukuu wake hawakuwepo mkutanoni. Kituo cha kulelea watoto mchana husajiliwa chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na mlango wa kuanzia ni afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Darasa la awali na shule shikizi hupitia idara ya elimu. Waiteni wakati ramani bado ni ya penseli.

## Hali za pekee

21. Tumepewa kiwanja kizuri kando ya ziwa. Tujenge?

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Hata bila sheria, Mei 2020 ziwa lilifikia mita 13.42 kwenye kipimo cha kina cha maji kilichoko Jinja, Uganda, kiwango kilichozidi kidogo kile cha mwaka 1964, na wengi waliojenga ufukweni waliamka maji yakiwa sebuleni. Waulizeni wavuvi wazee maji yalifika wapi, kisha mpande juu zaidi.

22. Eneo letu lote ni mbuga. Tufanyeje?

Tafuteni kiwanja kingine, hata kama ni kilometa moja zaidi. Msingi juu ya mbuga unawezekana kwa usanifu wa mhandisi na fedha ambazo zingejenga vyumba viwili mahali pengine.

23. Radi na matetemeko tuyafikirieje?

Ukanda wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yanayopigwa radi nyingi zaidi duniani, kwa hiyo kinga ya radi iingizwe kwenye bajeti tangu mwanzo, ifungwe na fundi umeme aliyesajiliwa, na waya wake wa kushuka usipite karibu na mlango, baraza wala bomba la kunawia.

Kuhusu tetemeko, lile la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, liliangusha na kupasua majengo mengi, shule zikiwemo. Kinachohitajika kimeshaelezwa katika swali la 14: kona bila matundu, nguzo, na ringi bimu. Paa nalo lifungwe kwenye bimu kwa nondo au waya.

24. Mchwa je?

Hawali tofali la saruji, lakini hupanda juu yake kutafuta mbao. Uso wa msingi wa mawe uachwe wazi bila kupakwa udongo, ili njia zao zionekane na kufutwa kila wiki.

25. Tuko karibu na machimbo ya dhahabu. Udongo wa huko ni bure, tuuchukue?

Marudio, yaani mchanga uliokwisha kusagwa na kuoshwa na wachimbaji wadogo, yasitumike kabisa kwa tofali, plasta wala kujazia uwanja. Yana mabaki ya zebaki, na watoto hukaa chini na kutia mikono mdomoni. Hapo hakuna kipimo cha chupa kitakachowaambia chochote.

26. Watoto wanalamba ukuta. Kuna madhara?

Karibu kila kituo kina mmoja wao, na mama zao wengine wananunua pemba, yaani udongo wa kula, sokoni. Ukuta pakeni chokaa hadi kimo cha mita moja, na mtoto anayerudia sana apelekwe zahanati, kwani hamu ya udongo huenda pamoja na upungufu wa damu na minyoo.

27. Sisi tuko visiwani, kila kitu kinakuja kwa boti.

Basi njia hii inawafaa kuliko wa nchi kavu: mnavusha saruji, nondo na bati, huku uzito wote mwingine ukitoka kisiwani. Hifadhini saruji juu ya mbao, mbali na ukuta, isishike unyevu.

28. Jengo lina miaka miwili na nyufa zimeanza. Ipi ni ya kuogopa?

Ufa mwembamba wa plasta unaosambaa kama utando wa buibui ni wa kunywea tu. Lowesheni na kusiriba upya. Ufa ulio wima, mpana juu na mwembamba chini, hasa karibu na kona, unasema msingi unazama au paa linasukuma kuta nje, na huo unahitaji mhandisi kabla ya watoto kuingia tena. Chini ya ukuta, tofali linalomomonyoka kama sukari linaonyesha maji. Tafuteni yanakotoka kabla ya kuziba. Kwa wenye kituo cha udongo, «usipoziba ufa utajenga ukuta» ni ratiba ya kazi: kagueni mara mbili kwa mwaka, Februari na Septemba, kabla ya kila msimu wa mvua.

Ufa usioeleweka uwekeeni alama: pigeni mistari miwili midogo ya penseli kwenye ncha zake na kuandika tarehe kando. Baada ya masika, kama haujapita alama, uzibeni kwa udongo uleule wa siku ya kwanza, na ndiyo maana kamati inapaswa kuhifadhi stoo gunia moja la udongo uliochekechwa, limefungwa, na juu yake pameandikwa jina la shimo ulikotoka.